Baba Kamembe, Mwana Nyanza: Ugomvi Uliosemwa na Wageni

Masomo ya juma: 2 Samweli 13 hadi 18, Waefeso 6:1-4

Ndugu wasomaji, juma hili tunasoma habari ya Mfalme Daudi na mwana wake Absalomu. Ni habari ya nyumba moja ya Palestina ya kale, mjini Yerusalemu, lakini mzazi wa Munigi akiisoma huona kana kwamba inamhusu jirani yake. Yupo mwana aliyekosa. Yupo baba anayempenda mwana wake na hawezi kumwambia. Na katikati yao wapo watu wengi wanaobeba maneno. Mwisho wake tunaujua: mwana anauawa msituni, na baba analia katika chumba cha juu ya lango la mji, akitamani afadhali angekufa yeye.

Kabla ya kufika kwenye mafundisho, tumeona vema tuwape historia nyingine, ya karibu zaidi. Ilianza ng'ambo ya mpaka wetu, ikaishia ndani ya nchi yetu ya Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Ni habari ya Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda na mwana wake Rudahigwa. Tunajua kwamba siku hizi, jina la Rwanda likitajwa hapa kwetu, wengi hufikiri vita na mpaka. Hatuandiki kwa ajili ya hayo, wala hatutaki kumpendeza au kumchukiza mtu wa upande wowote. Tunaandika habari ya baba na mwana. Tunaandika pia habari ya Kanisa, kwa sababu watumishi wa Kanisa walikuwamo ndani ya ugomvi ule, na ni haki kusema mambo kama yalivyokuwa.

Miaka miwili katika mji mmoja

Tuanze na Daudi. Amnoni, mwana wa kwanza wa mfalme, alimtendea ubaya Tamari, dada yake Absalomu. Biblia inasema Daudi alikasirika sana. Haisemi kwamba alimwita Amnoni na kumwadhibu, wala kwamba alikaa na Tamari na kumfariji. Baba alikasirika, akanyamaza. Absalomu naye akanyamaza, miaka miwili, huku chuki ikikua moyoni. Kisha akamwua Amnoni, akakimbilia kwa wazazi wa mama yake, akakaa huko miaka mitatu.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu. Yoabu, mkuu wa jeshi, aliona kwamba moyo wa mfalme unamtamani mwana wake. Akatafuta mwanamke mwenye akili wa Tekoa, akamtia maneno kinywani, na kwa maneno hayo mfalme akakubali Absalomu arudi. Lakini alirudi Yerusalemu, si nyumbani. Baba aliamuru kwamba mwana asione uso wake. Wakakaa katika mji mmoja miaka miwili mingine, kila mmoja akisikia habari za mwenzake kwa vinywa vya watu. Mwishowe wakaonana, baba akambusu mwana. Lakini busu lilikuja limechelewa. Si muda mrefu Absalomu akaanza kusimama kando ya njia ya lango, akiwaambia watu wenye mashauri kwamba kwa mfalme hakuna wa kuwasikiliza.

Angalieni jambo moja. Yoabu yuleyule aliyemrudisha Absalomu ndiye aliyemchoma mikuki mitatu alipokuwa ananing'inia mtini, ingawa Daudi alikuwa ameagiza mbele ya watu wote kwamba kijana atendewe kwa upole. Mtu wa tatu alikuwa na hesabu zake. Alipoona faida katika kupatanisha, alipatanisha. Alipoona faida katika kuua, aliua. Shikeni jambo hilo, kwa maana tutalikuta tena Nyanza.

Mwami aliyewekwa akiwa mtoto

Musinga alikuwa mwana wa Mwami Kigeli Rwabugiri, mtu wa vita nyingi, ambaye majeshi yake yalifika hadi upande huu wa ziwa Kivu. Rwabugiri alifariki mwaka 1895. Aliyemfuata alikuwa mwana mwingine, Mibambwe Rutarindwa. Lakini mwaka 1896, pale Rucunshu, palitokea umwagaji wa damu ndani ya ukoo wa kifalme. Rutarindwa akafa, na Kanjogera, mama yake Musinga, pamoja na ndugu zake, wakamweka Musinga kwenye kiti. Musinga alikuwa bado kijana mdogo. Kwa miaka mingi mama na wajomba ndio walioshika nchi kwa jina lake.

Kwa hiyo tangu mwanzo Musinga aliishi na hofu mbili. Alijua kwamba kiti chake kilipatikana kwa kumtoa ndugu, na kwamba kilivyopatikana ndivyo kinavyoweza kupotea. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo huwaangalia hata watoto wake kwa macho ya wasiwasi.

Hofu ya pili ilitoka nje. Mwaka 1897 Wajerumani walifika kwake, na mwami akakubali ulinzi wao, maana alihitaji nguvu ya kumtegemeza. Mwaka 1900 wakaja Mapadri Weupe wakiongozwa na Monsinyori Hirth. Musinga hakuwataka karibu na ikulu yake ya Nyanza. Aliwapa mahali Save, na huko wakafungua misioni yao ya kwanza. Mwaka 1901 wakafika Nyundo, jirani na Gisenyi, mahali ambapo mtu wa Goma anaweza kwenda na kurudi siku ileile. Watu wa kwanza kuwafuata mapadri walikuwa raia wa kawaida. Wakubwa wa ikulu walikaa mbali, kwa sababu mwami hakupenda watu wake wapate bwana mwingine.

Tusimhukumu haraka. Kwake yeye umwami haukuwa kazi ya kutawala tu. Ulikuwa pia ibada. Palikuwa na watunza siri za ufalme, walioitwa abiru, waliojua maneno na sherehe za kulinda nchi, mvua, mbegu na ng'ombe. Mwami aliyebatizwa angeziachaje? Na akiziacha, angekuwa mwami wa nini? Musinga alijifunza Kiswahili na alizungumza na wageni juu ya mambo mengi, lakini ubatizo aliukataa mpaka mwisho.

Kiti kinapunguzwa mguu mmoja mmoja

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, wakaingia Rwanda. Mwaka 1917 walimfanya Musinga atie sahihi kwamba kila mtu ana ruhusa ya kufuata dini anayotaka. Wakamwondolea pia mamlaka ya kuhukumu mtu kufa. Mwaka 1925 sherehe ya umuganura, yaani sherehe ya malimbuko ya mavuno, ilikomeshwa, na Gashamura, mkubwa wa abiru, akahamishwa kupelekwa Burundi.

Sisi Wakristo tunaweza kusema kwamba uhuru wa dini ni jambo jema, na kwamba kumwondolea mtu mmoja mamlaka ya kuua ni jambo jema. Ni kweli. Lakini tutazame pia kwa macho ya baba mwenye nyumba. Kila mwaka mgeni anaingia, anatoa kitu kimoja, anasema ni kwa faida ya watoto. Baba anabaki ameketi kwenye kiti, lakini kiti kimebaki mguu mmoja.

Wakati huohuo mwana alikuwa anakua. Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911. Wabelgiji walikuwa wamefungua shule Nyanza kwa ajili ya watoto wa wakubwa, na Rudahigwa akasoma hapo. Mwaka 1924 akawa karani wa baba yake. Mwaka 1929 serikali ikampa kuwa mkubwa wa jimbo. Alivaa nguo za kizungu, alijua Kifaransa, alifuata mafundisho ya dini ya wamisionari. Mbele ya Wabelgiji na mapadri alikuwa mfano wa kijana wa wakati mpya.

Hebu fikirini nyumba ile. Baba alilelewa na abiru, mwana alilelewa na walimu. Karani anaketi mbele ya mwami, anaandika barua za mwami, na barua zinakwenda kwa watu ambao mwami anajua wanataka kumtoa. Je, baba angemwamini karani huyo? Na mwana je, akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, angejua namna ya kumwambia baba yake kwamba kusoma si kumsaliti? Wabelgiji na mapadri walikuwa na neno la kusema kwa baba, na walikuwa na neno la kusema kwa mwana. Neno la baba kwa mwana ndilo lililokosekana.

Siku chache za Novemba 1931

Askofu wa Rwanda wakati huo alikuwa Monsinyori Léon Classe, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1922. Aliijua nchi kuliko wazungu wengi, maana alikuwa ameishi ndani yake tangu mwanzo wa karne. Shauri lake kwa serikali lilikuwa wazi: Musinga ni kizuizi, na mahali pake panastahili mwana wake Rudahigwa. Gavana wa Ruanda-Urundi, Charles Voisin, alimsikiliza. Walimshtaki Musinga kwamba anapinga maendeleo, anawapinga wamisionari, na hawezi tena kuongoza.

Tarehe 12 Novemba 1931 Voisin alimwambia Musinga kwamba umwami wake umekwisha. Tarehe 14 Musinga aliondoka Nyanza kwenda Kamembe, kule kusini mwa ziwa Kivu, ng'ambo ya Bukavu. Mama yake Kanjogera alimfuata. Tarehe 16, siku mbili tu baada ya baba kuondoka, Rudahigwa alitangazwa kuwa mwami. Alikuwa na miaka ishirini. Abiru hawakuitwa. Jina la utawala, Mutara, lilitolewa na askofu, na tangazo lilitolewa na gavana.

Katika desturi ya nchi ile, mwana wa mwami hutawala baba akiisha kufa. Hapa baba alikuwa hai, na mwana aliwekwa juu ya kiti ambacho bado kilikuwa na joto la baba yake. Aliyemwondoa baba hakuwa mwana, na aliyemweka mwana hakuwa baba. Yote mawili yalifanywa na mtu wa tatu, kwa hesabu zake. Ndiyo maana tulisema mshike habari ya Yoabu.

Hatusemi kwamba Monsinyori Classe alikuwa mtu mbaya. Alitamani watu wengi wampokee Kristo, na kwa hesabu ya vichwa, matumaini yake yalitimia: baada ya mwaka 1931 wakubwa wa Rwanda na watu wao waliingia katika mafundisho kwa makundi makubwa. Lakini tunajiuliza swali ambalo Kanisa la leo halina budi kujiuliza. Watu wakimfuata Kristo kwa sababu mkubwa amefuata, na mkubwa akiwa amepata kiti kwa kuondolewa baba yake, imani hiyo imepandwa katika udongo gani? Amri ya kumheshimu baba na mama ni ya Mungu. Yesu mwenyewe aliwakemea waliotafuta njia ya kuikwepa kwa kisingizio cha sadaka. Hatuwezi kuifundisha amri hiyo katika katekisimu na kuivunja katika ofisi ya gavana.

Kamembe, kisha Moba

Musinga alikaa Kamembe miaka karibu tisa. Ziwa liko pale, na ng'ambo yake unaona Kongo. Alikuwa na wake na watoto pamoja naye. Mwaka 1936 alizaliwa huko mtoto wa kiume aliyeitwa Ndahindurwa. Mtoto huyo hakuijua ikulu ya baba yake. Alichokijua ni baba aliyehamishwa.

Mwaka 1940, Vita Kuu ya pili ikiwa imeanza, Wabelgiji walimsogeza Musinga mbali zaidi. Walimvusha hadi Moba, katika Katanga, kando ya ziwa Tanganyika. Hapo historia hii inakuwa ya Kongo pia. Mzee aliyekuwa mwami wa nchi nzima alimalizia siku zake katika udongo wetu, mbali na ng'ombe wake na makaburi ya baba zake.

Huko nyuma Nyanza, mwana alikuwa anajiandaa kwa ubatizo. Tarehe 17 Oktoba 1943 Monsinyori Classe alimbatiza, akaitwa Charles Léon Pierre. Mama yake, Kankazi, alibatizwa pia. Baba wa ubatizo alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji, yaani mkubwa wa serikali ileile iliyokuwa inamshikilia Musinga Moba. Siku ile palikuwa na furaha kubwa, na furaha ya mtu kubatizwa ni furaha ya mbinguni. Lakini katika furaha ile palikosekana mtu mmoja. Mwana alisimama mbele ya altare na baba wa ubatizo pembeni yake, na baba aliyemzaa akiwa mfungwa wa baba wa ubatizo.

Mwaka uliofuata, 1944, Musinga akafa huko Moba.

Mwana naye akafika mahali pa baba

Mtu angedhani kwamba mwana aliyewekwa na wageni atakuwa mtumishi wao siku zote. Haikuwa hivyo. Mwaka 1946 Mutara Rudahigwa aliikabidhi nchi yake kwa Kristo Mfalme, na Roma ikampa nishani. Lakini miaka ilivyopita alianza kuwa na mawazo yake mwenyewe. Mwaka 1954 alikomesha ubuhake, ile desturi ya mtu kumtumikia tajiri kwa sababu ya ng'ombe aliyepewa. Akaanza kusema juu ya uhuru wa nchi. Wabelgiji waliompenda akiwa kijana mwenye miaka ishirini hawakumpenda tena akiwa mtu mzima mwenye msimamo. Alipofika umri ambao baba yake alipingwa, naye alikuwa anapingwa, na waliompinga walikuwa walewale.

Tarehe 25 Julai 1959 alifariki ghafla mjini Usumbura, unaoitwa leo Bujumbura. Hakuacha mtoto. Wakati wa maziko yake pale Mwima, Nyanza, abiru, wale ambao mwaka 1931 hawakuitwa, walisimama mbele ya Wabelgiji wakatangaza mwami mpya bila kungoja ruhusa. Walimtaja nani? Walimtaja Ndahindurwa, yule mtoto aliyezaliwa Kamembe, aliyefuatana na baba yake hadi Moba akiwa mdogo. Akaitwa Kigeli wa tano.

Hapa kuna jambo la kumtolea Mungu shukrani. Baada ya baba kufa, mtoto huyu wa uhamishoni alirudishwa nyumbani, na chini ya utawala wa kaka yake alisoma, kwanza Astrida, kisha huku kwetu katika koleji ya Nyangezi, karibu na Bukavu. Rudahigwa hakumfanyia mdogo wake yale ambayo watu wa Rucunshu walimfanyia Rutarindwa. Deni ambalo mwana hawezi kumlipa baba aliyekwisha kufa, anaweza kulilipa kwa mtoto wa baba huyo. Amani ya namna hii haionekani sana katika vitabu, lakini ni amani.

Kigeli hakutawala muda mrefu. Mwaka 1961 umwami ulikomeshwa, naye akaishi ugenini maisha yake yote, mpaka alipofariki Marekani mwaka 2016. Nyumba ile ilianza kugawanyika kati ya baba na mwana, ikamalizika kwa mtoto wa mwisho kuzeeka mbali na kwao, kama baba yake.

Si Rwanda peke yake

Msidhani kwamba mambo haya yalitokea mahali pamoja tu. Huko Uganda, katika ufalme wa Bunyoro, Omukama Kabalega aliwapiga vita Waingereza miaka mingi. Mwaka 1898, Kabalega akiwa bado porini na askari wake, Waingereza waliweka mwana wake Kitahimbwa kwenye kiti. Alikuwa mtoto mdogo. Mwaka 1899 walimkamata Kabalega, wakampeleka katika visiwa vya Shelisheli. Mwaka 1902 wakamwondoa Kitahimbwa pia, wakaweka mwana mwingine, Duhaga. Kabalega alibatizwa huko uhamishoni akaitwa Yohana. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi, naye akafa njiani, Jinja, kabla ya kuiona Bunyoro. Mwaka uliofuata Duhaga akafa, na aliyeketi kwenye kiti ni Tito Winyi, mwana aliyewahi kukaa na baba yake huko Shelisheli.

Ni desturi ya wenye nguvu. Wakitaka nyumba, hawaanzi kwa kuvunja ukuta. Huanza kwa kutafuta mahali ambapo baba na mwana hawasemezani, na hapo huingilia.

Sisi wa Munigi

Tunasema haya kwa nini? Kwa sababu ndani ya Munigi na Kanyaruchinya na mitaa ya Goma, baba na mwana wengi hawasemezani. Vita vimewatoa watu Rutshuru na Masisi. Baba aliyekuwa na shamba na ng'ombe, ambaye watoto walimngoja aseme, amejikuta chini ya turubai anangoja unga wa msaada. Mwana wake amepata pikipiki ya kuendesha, au anapakia mizigo, na jioni yeye ndiye mwenye pesa ya chakula. Baba anaona aibu, na aibu yake anaigeuza ukali. Mwana anaona ukali, haioni aibu iliyo chini yake. Wanakula sahani moja bila neno.

Wengine wanagombania kiwanja. Volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilifunika mipaka ya viwanja vingi, na ile ya 2021 ikafunika vingine. Pale penye mawe meusi, baba anasema mpaka ulikuwa hapa, na mwana amekwisha kuongea na mnunuzi. Wengine wamegawanyika kwa sababu ya kanisa: baba amebaki katika dini ya zamani, mwana ameingia katika chumba cha maombi, na mhubiri wake amemwambia kwamba baba ndiye mchawi anayefunga bahati yake. Ndugu, mhubiri anayemtenga mwana na baba ili apate muumini mmoja zaidi anarudia kosa la mwaka 1931, tena bila elimu ya Monsinyori Classe.

Na wako watu wa tatu wabaya zaidi. Mwenye bunduki anayetafuta vijana haendi katika nyumba ambamo baba na mwana wameketi pamoja. Anamtafuta yule kijana aliyetoka nyumbani kwa hasira, anayekaa barabarani, anayesema kwamba baba yake hamjali. Kwa kijana huyo ana maneno matamu, kama Absalomu alivyokuwa nayo langoni. Anampa jina jipya na kiti. Lakini aliyekupa kiti cha baba yako huku baba yako yu hai, siku moja atampa mwingine kiti chako.

Wazee wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake, mgeni asifanye ugomvi wa ndugu kuwa kazi yake. Hatusemi kwamba mtu asipatanishe. Heri wapatanishi, alisema Bwana. Lakini kuna tofauti kati ya mpatanishi na Yoabu. Mpatanishi hubeba maneno ya baba kwa mwana mpaka wawili waweze kusema wenyewe, kisha huondoka. Yoabu hubaki katikati, maana katikati ndipo anapopata faida. Mjomba, mkubwa wa mtaa, katekista, pasta na padri, kila mmoja ajipime kwa kipimo hicho.

Kwa akina baba, Mtume Paulo anasema katika Waefeso wasiwachokoze watoto wao hata wakakasirika. Neno hilo liko karibu sana na neno la watoto kutii, na mara nyingi tunahubiri la pili tukisahau la kwanza. Kama umemkataza mwana wako asione uso wako, hesabu miaka. Daudi alikuwa na miaka miwili ya kumfungulia mlango Absalomu, na nyumba zao zilikuwa katika mji mmoja. Kilio cha juu ya lango kilikuwa na maneno yote mazuri ambayo Absalomu angependa kuyasikia. Aliyeyasikia alikuwa mjumbe.

Kwa vijana: kusoma si dhambi, na kuendesha pikipiki ukalisha nyumba si dhambi. Lakini usimwache mtu mwingine amweleze baba yako wewe ni nani. Nenda mwenyewe. Kama hataki kukusikiliza leo, keti karibu naye, menya viazi, rudi kesho.

Maswali ya kusemezana katika shirika

1. Katika ugomvi wa nyumbani kwetu, ni nani anayebeba maneno kati ya mzazi na mtoto? Je, anatusaidia kuonana uso, au anatuzuia?

2. Rudahigwa alimpokea mdogo wake aliyezaliwa uhamishoni. Ni nani katika ukoo wetu anayelipa mpaka leo gharama ya ugomvi ambao hakuuanzisha, na tunaweza kumfanyia nini juma hili?

3. Kanisa letu limewahi kuchukua upande katika ugomvi wa baba na mwana ili lipate faida? Tuliseme mbele ya Mungu bila kuficha.

Bwana ageuze mioyo ya baba iwaelekee watoto, na mioyo ya watoto iwaelekee baba zao. Amina.